Kimya Hakikatiwi Rufaa

Ndugu zangu wa Kitai, na ninyi majirani zetu wa Kigonsera, Ruanda, Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, naomba mnisikilize. Nina jambo moja la kuwaomba. Mtu wa kwetu akiomba kumiliki silaha kihalali akakataliwa, adai jibu la maandishi lenye sababu na tarehe. Na sisi wengine tusimwache peke yake katika kulidai.

Najua neno silaha linatisha. Linanitisha hata mimi. Siandiki ili bunduki ziongezeke vijijini mwetu, wala sina ugomvi na polisi wanaolinda barabara na masoko yetu. Ombi la mtu asiyefaa likataliwe, tena likataliwe mapema. Ninachokitetea ni njia ya kulifikia jibu na njia ya kulipinga. Mahali ambapo njia hiyo imefungwa, watu hutafuta za panya, na njia za panya katika jambo hili zinaishia pabaya.

Tuwatazame kwanza waombaji wenyewe, maana si majambazi kama wengine wanavyodhani. Kitai imekaa kwenye lami ya Songea na Mbinga, pale barabara ya Ruanda na Lituhi inapochepukia. Tangu uchimbaji wa makaa ya mawe wa Ngaka ulipoanza mwaka 2011, malori yamekuwa yakipita kwetu usiku na mchana, na pamoja nayo zimekuja biashara: mama lishe, maduka ya vipuri, wakala wa fedha za simu, wanunuzi wa mahindi. Mwenye duka anafunga saa nne usiku na fedha za siku nzima ziko kwenye begi. Akiomba bastola, huyo anafikiria mita mia mbili za giza kati ya duka lake na nyumba yake, na watoto wanaomsubiri.

Halafu yuko mkulima. Huyu haombi bastola, anaomba bunduki ya marisawa. Shamba lake limepakana na pori, na tangu mahindi yanapobeba hadi yanapokauka analala kwenye dungu. Nguruwe pori huja usiku. Nyani na ngedere huja mchana, wakati watu wazima wako kwenye kazi nyingine, kwa hiyo zamu ya mchana inaangukia watoto, na daftari la mahudhurio shuleni linaonyesha hivyo. Kule kusini zaidi, vijiji vilivyo jirani na Pori la Akiba la Liparamba na mto Ruvuma vina wanyama wakubwa kuliko hao. Niseme wazi hapa: leseni ya silaha si leseni ya kuwinda. Wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009, na kumpiga mnyama bila kibali ni kosa jingine kabisa. Tembo au kiboko akiingia shambani, wa kwanza kuitwa ni afisa wanyamapori. Lakini mtu anayetaka mlio wa kutisha kundi la nguruwe usiku wa manane ana haja inayoeleweka, na haja inayoeleweka inastahili jibu linaloeleweka.

Sasa tazameni ombi lake linavyosafiri. Barua huanzia serikali ya kijiji. Kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji inakaa, inamjadili mwombaji, inaandika muhtasari. Muhtasari unapanda kata, kisha wilaya, ambako Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama, kisha mkoa, na mwisho unafika kwa Msajili wa silaha, makao makuu ya Polisi. Sheria inayosimamia yote hayo ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Sina shida na urefu wa njia hiyo. Silaha si pikipiki, na ni vizuri macho mengi yaitazame kabla haijafika mkononi mwa mtu.

Shida yangu ni vituo vya njiani. Katika kila ngazi faili linaweza kukaa, na likikaa hakuna anayelazimika kusema kwa nini. Mwombaji akienda kuuliza anaambiwa faili liko juu. Akirudi baada ya mwezi anaambiwa afisa yuko safari. Mara ya tatu mtu mmoja anamvuta pembeni na kumnong'oneza kuwa hiyo kitu haitapita, asijisumbue. Nauli ya kwenda Mbinga mjini na kurudi, ongeza bodaboda ya kutoka shambani hadi barabarani, ongeza siku ya kazi iliyopotea: mkulima anapiga hesabu na kuacha kwenda. Hajakubaliwa na hajakataliwa. Amenyamaziwa.

Na kimya, ndugu zangu, hakikatiwi rufaa. Hapa ndipo ninapowaomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo haki inapopotelea bila hata mtu mmoja kuonekana ameivunja.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6)(a), inasema kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Angalieni maneno hayo, chombo kingine chochote. Hayaishii kwa mahakimu na majaji. Kamati inayoamua ombi la mwananchi nayo iko chini ya Katiba hiyohiyo. Haki hizi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kizazi kilichozaliwa mwaka huo leo kina watoto wakubwa. Si jambo geni la kulionea haya mbele ya Mtendaji wa kijiji.

Lakini rufaa inahitaji kitu cha kushika. Aliyenyimwa anaweza kupeleka lalamiko lake katika ngazi ya juu, na ngazi za kiserikali zikishindikana, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuupitia uamuzi wa chombo cha umma, kuufuta, au kukiamuru chombo kitimize wajibu wake. Mahakama Kuu tunayo Songea, hatuhitaji kwenda Dar es Salaam. Anayetaka mahakama iupitie uamuzi wa namna hiyo huanza kwa kuiomba ruhusa, na kanuni za mwaka 2014 zinamtaka aombe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Sasa miezi 6 inahesabiwa kuanzia lini, ikiwa uamuzi ni mnong'ono wa pembeni? Atapeleka nini mbele ya jaji, ikiwa hana hata karatasi moja yenye mhuri? Na jaji atajuaje kama kamati ilikosea, ikiwa sababu ya kukataa haikuandikwa popote?

Hata anayetaka kulalamikia kimya chenyewe anahitaji karatasi. Ili mahakama iiamuru ofisi ijibu, kwanza ithibitike kuwa ofisi iliombwa ijibu. Kwa hiyo nakala ya barua yako, ile uliyobaki nayo baada ya masjala kuipiga mhuri wa kupokelewa, ina thamani kuliko safari zote ulizokwenda kuuliza kwa mdomo. Waliopitia uhakiki wa silaha wa nchi nzima mwaka 2016 watakueleza karatasi ilivyokuwa na uzito siku ile.

Naombeni pia tusikilize upande wa pili, kwa sababu mara nyingi hausemwi. Kijijini sisi ndio tunaojuana. Afisa wa makao makuu hawezi kujua kwamba mwombaji huyu akinywa pombe anavunja mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mke wake anajua. Jirani wa ukuta wa pili anajua. Mwalimu anayewaona watoto wake asubuhi anajua. Kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji iliwekwa mwanzo wa njia ili maarifa ya namna hiyo yaingie katika faili kabla faili halijapanda. Kamati ikimwogopa mwombaji kwa sababu ya ukoo wake au fedha zake, ikapitisha jina lake kwa haraka, mnyororo mzima unaobaki juu unatazama karatasi iliyosafishwa.

Kwa hiyo wito wangu wa kudai sababu za maandishi unawagusa hata ninyi mama zangu na dada zangu mnaoogopa bunduki kuingia katika nyumba mnazolala. Mama akisema mbele ya kamati kwamba mume wake alimtishia kwa panga, maneno hayo yaandikwe katika muhtasari, na yakiandikwa yanapanda pamoja na faili hadi juu. Yasipoandikwa, mwombaji ataonekana msafi kuliko malaika. Asiyeweza kusema mbele ya watu aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, aseme huko, na jina lake lisitajwe mbele ya mwombaji. Mwombaji ana haki ya kujua anatuhumiwa nini ili ajibu. Kumfichulia nani alisema ni jambo lingine, na kamati yenye busara inaweza kutenganisha hayo mawili.

Kuna fitina pia, tusijifiche. Watu wawili wana kesi ya mpaka wa shamba, mmoja anaomba silaha, mwenzake ana shemeji kwenye kamati. Jibu linakuja kuwa mwombaji hafai. Hafai kwa lipi? Sababu iliyoandikwa ndiyo inayotenganisha fitina na ukweli. Ikiandikwa kwamba mwombaji alitiwa hatiani kwa kosa la kujeruhi, kumbukumbu za mahakama zitaonyesha kama ni kweli au si kweli. Ikiandikwa kwamba hana mahali salama pa kuhifadhi silaha, anaweza kununua sanduku la chuma na kuomba tena. Neno hafai peke yake halipimiki, halirekebishiki, na linamwacha mtu na kinyongo ambacho atakipeleka nyumbani kwa yule anayemshuku.

Niwaeleze sasa kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi. Mtu aliyenyamaziwa haachi kuogopa. Mahindi yake yanaendelea kuliwa, na begi lake la fedha linaendelea kupita gizani. Ndipo anapokuja mtu na kumwambia kuna gobore la mhunzi kwa bei nafuu, au kuna bastola iliyovuka mpaka, haina maswali. Eneo letu linapakana na Msumbiji, nchi iliyopigana vita vya uhuru kuanzia 1964 hadi 1974 na baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1992. Si kila silaha ya vita kama hivyo hurudi ghalani.

Anayenunua gobore lile hajui anachokinunua. Kumiliki silaha bila leseni kunashtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu ya makosa hayo ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Sisi wa Kitai hatuhitaji kuelezwa kifungo ni nini. Gereza liko hapahapa kijijini, tunawaona wafungwa wakienda na kurudi shambani. Baba anayeingia gerezani kwa kosa hilo akiwa na mtoto wa darasa la kwanza, atatoka mtoto akiwa na watoto wake. Na yote hayo yalianza kwa ombi halali ambalo hakuna aliyelijibu.

Aliye na silaha isiyo na leseni leo, namsihi aisalimishe. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023, na Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha barani kote. Mpelekee kiongozi wa dini, Mtendaji au mwenyekiti wa kijiji habari hiyo mapema, akusaidie kuifikisha silaha polisi kwa usalama tangazo linapotoka.

Na aliyeambiwa kuwa faili lake litatembea akitoa kitu kidogo, asitoe. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, haina malipo. Leseni iliyonunuliwa ni hatari kwetu sote, maana mwenye kuinunua huenda ndiye yuleyule ambaye mkewe alilia mbele ya kamati.

Wapo watakaoniambia kwamba mambo ya silaha ni mambo ya usalama, mwananchi haulizi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, na nina ushahidi. Zamani hata kuishitaki Serikali kulihitaji kibali cha Serikali yenyewe. Uliyedhulumiwa na ofisi ya umma ulipaswa kwanza kuomba ruhusa ya Waziri, na ukinyimwa ndiyo basi. Kukutia Ole Pumbun na mwenzake hawakukubali. Shauri lao dhidi ya Mwanasheria Mkuu lilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1993 mahakama ikatamka kwamba sharti lile linakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa. Tangu hapo mwananchi anatoa taarifa ya siku 90, kisha anafungua shauri bila kuiomba Serikali ruhusa. Mlango ule tunaoupita sisi sote leo ulifunguliwa na raia wawili waliokataa kuambiwa hapana bila kusikilizwa. Serikali haikuanguka. Usalama haukupotea.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda hatua mbele. Ibara ya 47 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa mtu haki ya kupewa sababu za maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapomwathiri, na mwaka 2015 wakatunga sheria nzima ya kulifafanua jambo hilo. Kwao ofisa hakufanyii hisani anapokuandikia sababu.

Mbali zaidi, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, sheria ya mwaka 2013 iliruhusu wananchi kubeba bastola iliyofichwa, hata nje ya nyumba zao, kwa leseni, na ikaunda bodi ya watu 7 ya kupima pingamizi za polisi dhidi ya waombaji. Mwanzoni wengi walikataliwa bila kuambiwa pingamizi lenyewe lilikuwa nini. Mtu anapata barua kuwa ni hatari kwa jamii, hajui nani kasema wala kwa lipi. Watu hao hawakuchoma ofisi. Waliandika, walijiunga pamoja, walikwenda mahakamani, na kanuni zikarekebishwa ili mwombaji aelezwe msingi wa pingamizi na apewe nafasi ya kulijibu. Mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Chicago ilipoupitia utaratibu huo mwaka 2016, iliukuta umesharekebishwa. Mimi sipendi wingi wa silaha ulioko Marekani, na singetaka hata sehemu yake ndogo ije Mbinga. Lakini kama nchi yenye bunduki nyingi hivyo iliona haja ya kumweleza mtu kwa nini ananyimwa, sisi wenye maombi machache tunashindwaje?

Basi tufanyeje? Naanza na wewe uliyeomba. Barua ya kudai sababu haizidi nusu ukurasa, na haihitaji wakili. Unaweza kuiandika hivi, kwa mkono, kwa wino unaosomeka:

Kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kupitia Mtendaji wa Kata. Kuhusu ombi langu la kumiliki silaha. Niliwasilisha ombi hilo tarehe fulani kupitia serikali ya kijiji. Nimeelezwa kwa mdomo kuwa limekataliwa, au, hadi leo sijapata jibu. Naomba nipatiwe kwa maandishi uamuzi uliofikiwa, tarehe yake, sababu zake, ofisi ninayopaswa kuipelekea rufaa, na muda uliowekwa wa kufanya hivyo. Nimeambatisha nakala ya barua yangu ya maombi na ya muhtasari wa kikao cha kijiji.

Weka jina, saini na tarehe. Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa na kurudi nawe nyumbani, uihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba. Iandike kwa adabu, maana anayeipokea ni mtumishi mwenye wakubwa wake, na huenda si yeye aliyelikalia faili. Usione haya kwamba ni Kiswahili. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Ikipita mwezi bila jibu, andika ya pili ukiitaja ya kwanza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Si kila karatasi ya kamati ya usalama itatolewa, na hilo lina sababu zake, lakini taarifa kuhusu ombi lako mwenyewe limefikia wapi ni jambo la kuuliza bila hofu. Ukikwama, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko hata kwa barua, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kuisoma barua yako kabla hujaituma. Watafute kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri, pale Kigonsera kwa wale wa Mbinga vijijini.

Kwenu wajumbe wa kamati za vijiji, baba zangu na mama zangu, ombi langu ni dogo lakini lina uzito. Msiandike katika muhtasari kwamba mwombaji amejadiliwa na kamati haikuridhika. Andikeni kamati haikuridhika na nini. Mwiteni mwombaji, mwulizeni mbele yenu, andikeni alivyojibu. Mkimkatalia mtoto wa rafiki yenu, muhtasari huo ndio utakaowakinga siku atakapowauliza njiani.

Na kwenu wengine wote, ambao hamjaomba silaha wala hamtaomba kamwe, naomba mje kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa za wilaya imeufanya mkutano huo kuwa wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Tunakuja wachache, tunasikiliza mapato na matumizi, tunaondoka. Safari hii tuje na pendekezo: Mtendaji wa kijiji awe na daftari la maombi yanayopitia ofisini kwake, likionyesha tarehe ombi lilipopokelewa, tarehe kamati ilipokaa, na tarehe muhtasari ulipopelekwa kata. Majina yasisomwe mkutanoni. Kutangaza nani ana bunduki na nani hana ni kuwafanyia kazi wezi. Zisomwe hesabu peke yake: maombi mangapi yamepokelewa, mangapi yamepelekwa, mangapi yamerudi na jibu la maandishi. Yaliyokaa zaidi ya muda, mwenyekiti aeleze.

Kisha diwani wetu apeleke hoja hiyohiyo kwenye Baraza la Madiwani, na mbunge wetu aipeleke kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: kila anayekataliwa leseni ya silaha apewe barua yenye sababu na inayomwonyesha mahali pa kukatia rufaa, ndani ya muda uliotajwa. Hilo halihitaji bajeti wala jengo jipya.

Ili pendekezo letu la daftari liingie kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji, linatakiwa kumfikia Mtendaji kabla tangazo la mkutano halijabandikwa. Mwenye mwandiko mzuri katika kitongoji chako aandike pendekezo hilo wiki hii, wazee wasaini wa kwanza, wanawake wasaini, vijana wa bodaboda wasaini, kisha watu wawili wenye heshima walipeleke ofisini na wasiondoke mpaka nakala yao imegongwa mhuri.